Ni Lako, Bwana

Jumatano, Kismayo. Joto la leo halina haya. Nguo zimenigandama tangu asubuhi, na upepo wa kutikisa hata jani hakuna. Lakini kilichonichosha si joto.

Ni Kaka Shee. Na ni mwanangu Athmani. Na ni huyo hakimu wa Kitaliano na leseni zake.

Siku hizi bila karatasi ya serikali huuzi hata mkate wa mofa. Na Athmani, tangu arudi kutoka Muqdisho na kibali chake cha uwakili, kazi yake ni hiyo hiyo, kuwatetea waliokatazwa kazi zao. Alianza na wanawake wa mikate. Akaja fundi wa mashua, aliyeambiwa achore chombo kwanza kwenye karatasi ndipo apewe leseni, na yule maskini hajachora kitu maishani mwake. Wanamlipa papa mkavu. Nyumba yangu inanuka papa mwaka mzima. Nilimwambia, mwanangu, uwakili gani huu, si ungefungua duka la nguo ukapumzika? Akacheka. "Mama, na duka nalo litataka leseni."

Sasa imefika zamu ya mjomba wake. Kaka Shee anachoma chokaa kisiwani Fuma kama alivyochoma baba yetu. Kuni zinapangwa duara pale pwani, matumbawe yanawekwa juu, moto unawashwa, na hilo ndilo tanuri. Nusu ya nyumba za mji huu zimepakwa chokaa yetu. Sheria mpya inasema leseni ni ya mwenye tanuri la mawe lenye bomba la moshi, na mwenye tanuri hilo ni mmoja tu, tajiri wa Kitaliano pale bandarini. Athmani akaipeleka kesi mahakamani. Huku nyuma kuni na matumbawe vimeshapangwa Fuma, havijawashwa, vinangoja neno la hakimu. Akikataa, kazi ya miezi imepotea, na Kaka ana watoto wa kulisha.

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kaka amekuja kunisimulia, kakaa kizingitini kwangu. Anasema Athmani alizungumza mpaka hakimu akaweka kalamu chini. Halafu hakimu akamgeukia Kaka, akamuuliza kupitia kwa mkalimani, tanuri hili ni la nani?

Kaka akaweka mkono kifuani. "Ni lako, bwana."

Ni lako.

Sasa mtu wa kwetu angesemaje? Mgeni akiuliza kikombe hiki ni cha nani, ni chako. Nyumba hii ya nani, ni yako. Mtoto huyu wa nani, ni wako. Mgeni anashukuru, na kikombe hakiendi popote. Lakini mkalimani yule si mtu wa pwani, kalitia kwenye Kitaliano vilevile lilivyo. Hakimu akasema, huyu mwenyewe amekiri tanuri si lake, leseni nimpe ya nini?

Athmani akaeleza kuwa ile ni adabu tu. Hakimu akamwambia, basi kesho asubuhi niletee mtu mmoja wa mji huu, asiyechoma chokaa, aniambie hivyo kwa mdomo wake. Asipokuja, kesi imekwisha na yale matumbawe yaondolewe pwani.

Nilimgombeza Kaka mpaka sauti ikanikauka. Akanijibu taratibu kwa lafudhi yake ya kisiwani, "Sasa wewe, mchu mkubwa kama yule aniulize mbele ya watu, nimwambie ni langu? Baba angenizaba kofi."

Asubuhi ni mimi niliyemwambia awe na adabu, asimwaibishe mwanangu.

Njiani watu wameshaanza. "Shee, na mimi nipe tanuri." Naye anacheka nao. Mimi kicheko sikioni.

Athmani amezunguka mji alasiri nzima kutafuta shahidi. Mwenye duka la nguo leseni yake inakaribia kwisha, haendi. Mwalimu wa chuo cha Kurani ana mafua. Mwingine ana safari kesho, na safari yenyewe imezaliwa leo. Karudi, kakaa, chai imempoa mbele yake. Watu hawa wote nyumba zao zimepakwa chokaa ya Fuma.

Mimi hakuniomba. Anajua nikifika karibu na ile mahakama hubadilisha njia. Kusoma kwangu ni kwa chuoni tu, na hizi herufi za Kizungu ninazoandika kanifundisha yeye.

Nimemwambia, "Kesho nakwenda mimi."

Akanitazama. "Mama, yule atakuuliza maswali."

"Aulize."

Akainua kikombe, akainywa ile chai ya baridi yote.

Buibui nimeshalitundika tayari. Habari ya kikombe na mgeni nitaieleza, hiyo hainishindi. Ninachokiogopa ni mwanzo. Athmani anasema kwanza nitaulizwa mimi ni nani, na wakili huyu ni mtoto wa nani. Na ulimi wangu una mazoea yake. Nimejaribu kujibu hapa jikoni peke yangu, mara ya kwanza ukaniteleza, nikamgawa mwanangu kwa Mtaliano.

Kesho hapana. Adabu nitaiacha mlangoni pamoja na viatu.

Ni wangu, bwana. Ni wangu.