Kiti cha Ngongoti

Jumatatu, 3 Machi

Tumefika. Chumba kiko ghorofa ya tano: vitanda viwili, dirisha moja. Ng'ambo ya barabara ndipo ulipo ukumbi wa mpira wa kikapu. Paa lake ni kama bakuli lililofudikizwa, na taa zinawaka chini yake mchana kutwa, sijui kwa nini.

Mdogo wangu wa kike alisimama dirishani. Ni mrefu mno; tangu utotoni tunamwita Ngongoti. Akaniuliza naona nini. Yeye huona moshi tu. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Wanasema macho hayana pazia," akasema. "Yangu yameshonewa mawili."

Mpango ni huu. Jumatano, upasuaji wa jicho la kulia. Alhamisi, bandeji inatolewa. Ijumaa jioni, mechi. Baada ya hapo timu inasafiri, nasi tunarudi nyumbani.

Kwa miaka mingi alikikataa kisu. Alikubali siku nilipomwambia kwamba mji huu, aliko daktari wa macho, una timu ya kulipwa. Aliwahi kucheza katikati, timu ya chuo cha uuguzi, ila wachezaji wa kulipwa hajawahi kuwaona ana kwa ana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kununua tiketi. Muuzaji alitazama koti langu na tai yangu, akasema, "Mzee, shikamoo. Mkutano uko jengo la pili." Nikamjibu kwamba najua niliko. Akacheka, akanichagulia viti viwili karibu na uwanja. Mtasikia hadi viatu vikilia, alisema.

Ngongoti alizinusa tiketi, akaziweka chini ya mto. Kisha akaanza kusimulia. Mpira ukirushwa vizuri, anasema, hukaa juu mpaka unasahau kwamba lazima ushuke. Alisimulia, akasimulia. Nilimsikiliza kama mtu asikilizavyo mvua.

Jumatano, 5 Machi

Presha ya Ngongoti imepanda. Hakupata hata lepe la usingizi.

Daktari alimuuliza, "Mama, ulikuwa wapi usiku?"

"Uwanjani," akajibu.

Daktari alicheka, lakini upasuaji hakufanya. Turudi Ijumaa asubuhi. Ndiyo siku yake ya mwisho kabla ya likizo. Bandeji itatolewa na muuguzi Jumamosi, na usiku wa Ijumaa mgonjwa alazwe, asikaribie msongamano wa watu.

Ijumaa. Siku ya mechi.

"Basi mpira kwanza," Ngongoti akasema tulipotoka. "Kisu kimenisubiri miaka yote hii, kitasubiri tena."

Namjua. Tukirudi nyumbani bila upasuaji, hatatoka tena. Moshi utakuwa usiku.

Alhamisi, 6 Machi

Nilirudi kwa muuzaji wa tiketi. Hakuna mechi nyingine. Jumamosi timu inaondoka.

Nilipanda ngazi polepole. Wazo lilinijia ghorofa ya tatu, na ghorofa ya tano nikalitamka kabla sijalipima: nitakwenda mimi. Nitakusimulia kwa simu, wewe ukiwa kitandani.

"Wewe?" Alicheka mpaka akakaa. "Kaka, wewe kikapu unachokijua ni cha sokoni."

"Nifundishe."

Hapo akachukua mto, akaukumbatia kama mpira.

Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, lakini mwalimu mkali kama huyu sijamwona. Nikisema "kijana mmoja mrefu", ananikatiza: wote ni warefu. Niseme amesimama wapi. Amegeukia nani. Mikono iko juu au chini. Usinipambie, anasema, nipe mwili.

Alasiri nilikuwa bado nasimulia mechi ya kubuni, mito ikiruka ukutani, nilipoona hanikosoi tena. Alikuwa amelala, mkono mmoja umenyooka juu ya shuka, kiganja wazi. Niliendelea kwa kunong'ona. Ile timu yangu ilishinda.

Ijumaa, 7 Machi

Presha ilikuwa nzuri. Upasuaji umefanyika. Daktari anasema umekwenda vyema, lakini jicho lenyewe ndilo litakalosema kesho.

Sasa niko ukumbini, ni mapumziko ya mechi. Naandikia gotini. Kila kitu humu kinang'aa, sakafu kama maji yaliyotulia, na watu wanatembea juu yake bila kuzama. Kiti kilicho kulia kwangu nimekiwekea kofia ya Ngongoti.

Nilimsimulia kwa simu nusu nzima ya kwanza, sauti imenikauka. Alinikosoa mara moja tu. Nilisema mpira umeingia; akasema, "Haujaingia, kaka, nimesikia chuma." Nikatazama tena. Kweli, haukuingia.

Kisha muuguzi akachukua simu. Anampima presha. Ikiwa imepanda, simu itazimwa, naye atalala. Ikiwa sawa, watanipigia.

Timu zimerudi. Jirani yangu ananitazama na kalamu yangu. Mwamuzi ameushika mpira. Simu haijalia.

Nimejikuta nakiambia kiti kitupu, kwa sauti: wa kushoto, karibu na mstari, amegeukia kwetu, mikono iko juu, viganja wazi, na mpira —