Plasta Juu ya Udongo

Jumatatu, 5 Machi 1979
Mikono inauma. Ukuta wa tatu umeisha. Udongo mwekundu, mchanga, saruji kidogo tu. Tunamwaga kati ya mbao, tunashindilia kwa gogo. Fundi Kamau haangalii, anasikiliza. Gogo likianza kulia kama limegonga jiwe, tabaka limekubali. Mimi kusubiri siwezi. Mkaguzi wa nyumba anakuja tarehe 27. Akikikataa chumba hiki, ploti inapewa mwingine, nami na watoto tunarudi Ziwani kulala jikoni kwa shemeji.

Ijumaa, 9 Machi
Mabati yamepanda. Nilipaswa kufurahi. Mama Wanjiru wa ploti ya pili kapita, kaniuliza kama nilitoka Machakos ili nije Dandora kujenga nyumba za udongo za Machakos. Nilicheka naye. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumatano, 14 Machi
Nataka plasta ya saruji, ifanane na nyumba za mawe. Kamau kakataa. Eti ukuta bado una maji ndani, uachwe mwezi mzima. Mwezi nitautoa wapi? Mkaguzi akiona udongo atasema matope.

Jumamosi, 17 Machi
Kamau yuko Murang'a, mazishini. Nimeita mpiga plasta mwingine. Siku moja tu, kuta zote kijivu, laini. Mama Wanjiru kasimama kutazama. Nimejisikia tajiri.

Alhamisi, 22 Machi
Mvua. Plasta imevimba kando ya mlango. Ukiigonga inalia kama debe tupu. Nimeegemeza bati hapo, isionekane. Mjinga mimi.

Jumatatu, 26 Machi
Bamba zima la plasta limeanguka, kubwa kama meza. Kisha jingine. Kamau amerudi leo. Nilingoja anigombeze. Alichukua tindo tu.
"Mama Nduku, tuibandue yote. Mkaguzi aone ukuta, asione aibu yako."
Nimebandua huku nalia. Aibu, ndiyo. Na hofu zaidi.

Jumanne, 27 Machi
Mkaguzi alifika saa nne. Alitoa msumari mfukoni, akaukandamiza ukutani. Ukateleza. Akajaribu pembeni, akajaribu chini ya dirisha. Akaomba nyundo ya Kamau, akagonga. Ukuta ukalia kama jiwe. Akaandika, nikatia sahihi. Ploti ni yetu.

Vipande vya plasta nimevimwaga njiani, penye matope. Wa kwanza kuvikanyaga ni Mama Wanjiru, akija kuuliza ule udongo tuliutoa wapi. Nimempeleka nikamwonyesha.