Jicho la Kushoto la Kasuku

Jumamosi, 7 Machi

Kasuku katimiza miaka mitatu leo! Baba yake kafunga studio mapema, kamkalisha kwenye kile kiti cha maharusi, kampiga picha mpaka mtoto mwenyewe akaanza kutoa amri: "Baba, flashi! Tena!" Hatumwiti Kasuku bure. Kila neno analirudisha. Lile la "mjinga" alilolisikia kwangu keshalifikisha kwa majirani.

Picha moja imetoka nzuri kuliko zote — ila jicho la kushoto jeupe pe, kama kifungo cha shati. "Flashi hiyo," baba yake akasema. Akakaa kwenye kompyuta, akalitia weusi. Ana mkono mwepesi huyu mume wangu. Chunusi za bibi harusi anaziondoa, makovu anayaondoa, hata vitambi vya wazee. Tumeichapisha kubwa, tumeitundika dirishani. Wapita njia wanasimama kuitazama. Na mimi, kusema kweli, kichwa kimenivimba.

Alhamisi, 12 Machi

Kaja nesi kupiga picha za pasipoti. Mimi nazikata, Kasuku anamchekesha, kasimama mlangoni na jua la jioni linampiga usoni. Ghafla nesi akaacha kucheka. Akamshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule. Akauliza, picha za mtoto huyu hutoka na jicho jeupe?

Mume wangu akacheka. "Zinatoka, dada, ila mimi nazitengeneza."

Nesi hakucheka. Kasema kesho asubuhi tumpeleke kwa daktari wa macho, tusingoje. Akaondoka, picha zake kaziacha mezani, ikabidi nimkimbilie mpaka kwenye kona.

Mume wangu anasema manesi wanapenda kutisha watu. Haya, mbona chakula hakugusa?

Ijumaa, 13 Machi

Kansa.

Nimeliandika. Bado siliamini.

Daktari ni mama mtu mzima, anaongea taratibu. Alimtia matone, akammulika, akammulika tena, kisha akavuta kiti karibu yetu. Uvimbe, ndani ya jicho la kushoto. Kansa ya watoto wadogo. Nikamwambia kansa ni ya wakubwa, umekosea daktari! Akasema laiti. Jicho lenyewe halioni tena, limezimika siku nyingi. Yaani mtoto anatutazama kwa moja, anakimbia, anagonga milango, sisi tunasema huyu mtukutu!

Litolewe Alhamisi ijayo. Ugonjwa ukipita kwenye mshipa wa nyuma wa jicho unakwenda kwenye ubongo, na hapo hakuna tena maneno. Ukiwahiwa, watoto wengi wanapona. La kulia anadhani ni zima, lakini mtoto hatulii, kwa hiyo atalikagua vizuri akishalala kwa dawa.

Nikamwambia atoe langu ampe yeye. Sikuwa natania. Akanishika mkono tu. "Haiwezekani, mama."

Njia nzima Kasuku: "Laiti! Laiti!" Kalipenda neno. Nilikuwa natembea namwaga machozi, watu wananipisha.

Jumapili, 15 Machi

Tumegombana vibaya. Mume wangu kafungua kompyuta, kazitoa picha zote za mtoto kama zilivyopigwa, kabla hajazigusa. Ile ya gauni la njano — jeupe. Ile ya kwenye beseni — jeupe. Ile anayojifunza kusimama, kashika kigoda — jeupe, dogo, lakini lipo. Zote alizitengeneza. Ukutani kwetu mtoto ni mzima wa afya.

Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. "Ugonjwa wa mwanangu ulikuwa unauona, ukaufuta!" Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, na wala sikumhurumia. Sasa ndiyo namhurumia. Kesho sijui.

Jumatatu, 16 Machi

Mama mkwe kaja. Kakaa kitako, kaanza. Mtoto wa kike bila jicho, nani atamuoa?

"Kwanza aishi, mama. Huyo wa kumuoa mwenyewe bado ananyonya."

Kanuna. Lakini mwanawe kamsikia yeye, siyo mimi. Sasa anasema hatoi ruhusa, mtoto hakatwi. Atatafuta daktari mwingine, atatafuta dawa, atauza kamera. "Kila kitu kinatengenezeka," anasema. Kila kitu! Huyu mtu kazoea kompyuta, anadhani kuna kitufe cha kurudi nyuma. Nami nimeshikwa na hofu. Kila saa inayopita namwona yule mdudu anatambaa kuelekea kwenye ubongo wa mwanangu.

Mungu wangu, sina maneno mazuri leo. Niachie mtoto wangu. Basi.

Jumanne, 17 Machi

Daktari wa pili. Kijana, ana haraka. Kasema yaleyale, tena kwa maneno machache zaidi. Mume wangu akamuuliza, na kama ni flashi tu? Yule kijana akamtazama, akanitazama mimi. Nikaangalia sakafu. Niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu.

Nje nilimwambia wazi: Alhamisi naenda na mtoto, uje usije. Ukitaka talaka, andika. Lakini naenda na mtoto.

Akambeba Kasuku mabegani mpaka nyumbani, na mtoto anamwelekeza njia kwa kumvuta masikio.

Jumatano, 18 Machi

Tumelazwa. Wodi ina vitanda vidogo vya chuma na pazia lenye samaki. Kasuku keshajua majina ya samaki wote — kawapa yeye. Mmoja anaitwa Mjinga.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza: jicho hili linaumwa, daktari atalitoa. Akafikiri. "Atanirudishia?" Nikasema hapana, mama. "Laiti," akasema, akaendelea kuhesabu samaki. Nilikwenda chooni nikauma kanga.

Baba yake hajatokea. Simu inaita tu. Nesi anauliza baba yuko wapi, nasema yuko njiani. Uongo mtupu.

Alhamisi, 19 Machi

Kaja! Asubuhi, hata chai hawajagawa. Macho mekundu, kamera shingoni. Kasema atatia sahihi, ila kwanza ampige mtoto picha, akiwa na macho yote mawili. Nikasema piga. Ningemkubalia lolote.

Akampiga dirishani, bila flashi. Kasuku akakataa. "Baba, flashi!" Mume wangu akatikisa kichwa. "Flashi, Baba! Tena!" Wodi nzima ikageuka. Nikamwambia mpigie, jamani, mtoto kakuomba. Akapiga. Mara moja tu. Akatazama kioo cha kamera, akaizima upesi, akasema nzuri. Akatia sahihi bila kusoma.

Wamemchukua. Alikwenda anapunga mkono, anawaaga samaki mmoja mmoja. Mlango ukafungwa.

Tumekaa kwenye benchi. Mama mkwe naye kaja, kaleta nguo safi ya mtoto, kanishika goti. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nimemwomba mume wangu picha niione. Hataki. Betri imeisha, anasema. Haijaisha, alikuwa anaiwasha na kuizima tangu tulipoketi. Nimemnyang'anya.

La kushoto jeupe, najua. La kulia jekundu, kama macho ya watu wote yanavyotoka kwenye flashi, kama yetu. Nikashusha pumzi. Kisha nikaikuza. Pembeni, ndani ya ule wekundu, kuna kitu cheupe. Kidogo, kama punje ya mchele. Nimefuta kioo kwa kanga. Kipo. Nimefuta tena.

"Ni dirisha," mume wangu anasema. "Lilikuwa upande ule. Mwanga wa dirisha huo." Anasema kwa sauti ileile ya siku ya kuzaliwa, ila hanitazami usoni.

Nimegeuka kuutazama mlango. Huko ndani sasa hivi daktari anamulika jicho la kulia. Mama mkwe anauliza, mnatazama nini? Nimemwambia dirisha, mama. Mungu wangu, safari hii liwe dirisha kweli. Mpini wa mlango unazunguka —