Noti Sita Nilizomtegea Swantje

Shangazi Roswitha mpendwa, nisaidie kabla ya onyesho letu la Jumapili, majina nimeyabadilisha yote, na nakuandikia nimejifungia chumba cha kufulia maana mume wangu Volkmar yuko sebuleni kwenye kinanda chake cha kale. Miaka kumi na moja mimi ndiye mpiga fidla wake, tunapiga watunzi wa zamani waliosahaulika, hapa mkoani Thuringia kila kanisa lina wake, na Volkmar alikuwa ananisindikiza kwa vidole viwili vitatu tu, kavu, mradi wimbo uende. Akaja Swantje, binti mpiga fidla kutoka Bremen, na shingo yake ndefu, mara vidole vya mume wangu vikapata uhai, anamremba, anamjibu, anamzungushia, weee Shangazi, mimi sijawahi kufanyiwa vile hata siku moja! Halafu sonata, utunzi wa fidla na kinanda, niliyoivumbua mimi kwenye karatasi chakavu za maktaba, haijapigwa miaka mia tatu, akampa yeye. "Wewe mpenzi ndiye unayeweza kusoma mwandiko wa kale, mnakilie tu." Nimnakilie!

Nikamnakilia. Kwenye sehemu ya polepole nikabadilisha noti sita makusudi, zigombane na kinanda, aonekane hajui kupiga, na nani angejua, nani aliwahi kuisikia? Siku ya mazoezi Swantje akazipiga bila kusita, Volkmar akasimamisha mikono, nikasema leo atamfokea. Akafuta machozi! "Mmesikia? Mtunzi huyu alikuwa jasiri kuliko wenzake wote!" Sasa amezisifu ukurasa mzima kwenye kijitabu cha onyesho, profesa anakuja kutoka Leipzig, mezani ni noti sita, kitandani ni noti sita. Nikinyamaza, ataumbuka siku mtu mwingine akisoma zile karatasi, nikisema, ataniacha. Nifanyeje?

Irmtraud


Irmtraud,

Pole, halafu shika adabu yako. Nimeimba kwaya miaka ishirini, wivu wa jukwaani naujua, unachoma. Lakini mtu kauamini mwandiko wako, wewe unamtegea? Kosa la huyo binti ni nini, shingo? Barua yote hujaandika popote kwamba kamgusa mumeo.

Na hilo la vidole, nimempigia simu rafiki yangu mpiga kinanda, akacheka kabla sijamaliza. Anasema mpiga fidla anayeyumba ndiye anayejaziwa asianguke; anayejua huachiwa nafasi asikike. Miaka kumi na moja mumeo alikuwa anakusikiliza, wewe ukaona anakunyima. Hivi hujawahi hata kumuuliza?

Haya, na hizo noti zilizomliza kazitunga nani? Si marehemu mtunzi, wala si Swantje.

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, mwekee mumeo mezani karatasi ya zamani na nakala yako. Usijifanye ulikosea kusoma. Sema: "Nilifanya kwa wivu." Ukurasa ule utolewe kwenye kijitabu. Swantje kamuombe radhi uso kwa uso, umkabidhi noti za kweli leo leo, apate muda wa kuzizoea. Volkmar atafoka, mwache afoke, ana haki, na usilie ili akuonee huruma. Akishatulia, nawajua wanamuziki, atakuuliza kama unaweza kutunga noti nyingine kama zile. Hapo usijibu haraka. Mwambie kwanza akuombe vizuri.