Sindano Moja kwa Watoto Kumi na Saba

Minya, Jumapili, 16 Agosti. Asubuhi joto kali, hakuna upepo, vumbi la mlimani limeingia hadi vikombeni.

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla hasira haijanivunjia nyumba, maana Ijumaa tulipanda hadi monasteri ya mlimani kwa sikukuu ya Bikira na mama mkwe wangu akamvuta mwanangu Karas, miaka minne, hadi kwa mchora tatuu ili achorwe msalaba kifundoni mwa mkono kama sisi Wakristo wa huku sote, na mimi msalaba siukatai, ninao wangu, lakini nilisimama kwenye foleni nikahesabu, na jioni nikaandika kwenye shajara: watoto kumi na sita, sindano moja, kikopo kimoja cha wino, kitambaa kimoja chenye damu, na Karas wa kumi na saba. Nilimwambia yule mzee mchoraji, “Ami Zikri, badilisha sindano.” Akacheka, “Bibiye, sindano hii imechora mapadri!” Mama mkwe akadakia, “Mambo ya hospitali mbele ya Bikira? Ami, mpake mafuta ya baraka na huyu mkwe wangu, ulimi wake upoe.” Foleni nzima ikacheka, hata mume wangu Wahib, na mzee akaichovya sindano kwenye mafuta ya baraka, akaifuta kwa kitambaa kilekile, na mimi nikamwacha Karas achorwe, mimi ambaye baba yangu alikufa kwa ugonjwa wa ini baada ya kudungwa kwa bomba la sindano lililozunguka mtaa mzima. Sasa Ijumaa hii wanamtaka binti yangu Mirette, mwaka mmoja na nusu, na nikikataa eti nauonea haya msalaba, na Wahib anasema, “Mfurahishe tu mama, yaishe.” Nifanye nini? Jana nililala saa tisa usiku.

Nadra

Nadra, pole, lakini nitakugombeza. Uliijua hatari kuliko wote pale, ukaacha kicheko kikushinde! Hukuhitaji ruhusa ya foleni kumnyanyua mwanao.

Nao waliocheka wanisikie. Mafuta ya baraka ni ya kipaji cha uso, hayaui virusi vya homa ya ini. Kufuta kwa spiriti hakutoshi, wala kupitisha sindano kwenye moto wa kiberiti. Sindano hutolewa kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na hutupwa baada ya mtu mmoja. Wino humiminwa kidogo kwenye kifuniko kipya, unaobaki unamwagwa. Glavu mpya kila mtoto. Sehemu za mashine ya kuchorea zinazotumika tena hupikwa kwenye mvuke wa shinikizo, kama vyombo vya upasuaji. Ami Zikri akishindwa hayo, akauze dengu za kukaanga.

Kesho mpeleke Karas kwa daktari, mweleze yote bila aibu. Apimwe, na akikutwa salama usishangilie bado, rudieni kwa tarehe atakazopanga daktari, maana ugonjwa huchelewa kuonekana. Chanjo ya utotoni haizuii homa ya ini aina C, ila aina hiyo ina dawa. Wahib ndiye ambebe mtoto, alishuhudie chozi la sindano ya kutoa damu. Akina mama wa foleni unaowajua, wapigie simu leo, nao wakawapime watoto wao.

Mirette asichorwe. Mama mkwe akija Ijumaa na kanzu yake ya sikukuu, usimtume Wahib mlangoni. Nenda wewe, mtoto mgongoni, umwambie, “Mama, hapana.” Akilia, mpe kiti na chai. Jibu libaki hilohilo.