Kijino cha Bunduki ya Upepo

Mwanangu,

Haya ni kweli tupu, naapa. Panya mkubwa kama mbuzi aliingia stoo akaitafuna bunduki yako ya upepo, ndiyo maana ukiikoki springi haishiki, inafyatuka yenyewe.

Haya, ya panya nimeifuta. Asubuhi ulipoifungua ulikipapasa kile kijino cha kifyatulio kinachoizuia springi, ukaniambia, "Baba, chuma kilichochakaa haking'ai hivi. Hapa imepita tupa." Ukaondoka bila chai. Iko kwenye chupa, bado ya moto.

Tupa ni yangu. Mwezi uliopita ilipoharibika kweli, tulikaa sakafuni sisi wawili jioni nzima, wewe umeshika tochi unacheka uongo wangu. Tangu ipone, unarudi, unasalimia, unaingia chumbani. Nikaona niiharibu kidogo tu.

Funga dirisha la jikoni mvua ikija. Bunduki usiitafute, nimeipeleka kwa fundi. Ataweka kijino kipya na kuifunga yeye mwenyewe. Nimemwambia asituachie hata skrubu moja ya kukaza. Jioni yako nimekurudishia.

Baba