Kanga Katikati ya Meza

Kabula mjukuu wangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba mama. Huku Mhunze tu wazima, babu yako anakusalimu, na yule ng'ombe mweupe amezaa. Wewe unakula lakini? Usinidanganye.

Umeniuliza meza uiweke wapi katika jiko lako dogo, maana baba mkwe wako anakuja Runzewe wiki ijayo. Najua unachoogopa. Mkwe na mke wa mwanawe kula wakitazamana, kwetu ni aibu.

Hata mimi yalinipata. Nilipoolewa, wanaume walikula uani kwenye moto wao, shikome, sisi wanawake tukala mezani jikoni. Siku moja mvua ikauzima ule moto. Baba mkwe akasimama mlangoni amelowa, haingii. Ugali unapoa, mzee atashinda njaa kwa sababu yangu! Babu yako akacheka, akatundika kanga yangu kwenye boriti, ikaigawa meza. Mzee akakaa upande ule, mimi huku.

Tukala. Mara mkono ukapita chini ya kanga na bakuli tupu.

"Mama, huko kwako mlenda umebaki?"

"Upo, baba!"

Tukacheka wote, kila mtu upande wake.

Basi meza usiibane ukutani, isogeze katikati watu wakae pande mbili. Benchi moja kila upande linatosha. Kanga nimempa dereva wa basi akuletee, ni ile ile. Ukiona doa kwenye pindo, usihangaike kulifua, ni mlenda wa mzee.

Bibi yako anayekuwaza,
Mama Masanja